Mgeni na Ombi la Mwenyeji

Wahenga walisema, Mgeni ni kuku mweupe. Maana yake, kila alitendalo huonekana.

Katikati ya nchi ya Australia pana jiwe kubwa jekundu liitwalo Uluru, lenye kimo cha meta 348 juu ya uwanda. Wenyeji wake, Waanangu, hulitukuza sana. Mwaka 1985 walirudishiwa ardhi yao. Baadaye wakaweka kibao chini ya jiwe, kuwaomba wageni wasipande. Hawakukataza, waliomba tu. Tena walihuzunika mno mgeni alipoanguka akafa, na waliokufa katika kupanda walizidi 30.

Wengi walikisoma kibao kile, wakapanda. Mwaka 2017 ikatangazwa kwamba njia itafungwa tarehe 26 Oktoba 2019. Je, wageni waliona haya? La! Siku za mwisho walikuja makundi kwa makundi, wakapanga mstari ili wapande kabla ya kufungwa.

Labda mtu atasema, "Haikuwa marufuku, nami nimelipa nauli." Ni kweli. Lakini nauli humfikisha mtu mlangoni, haimpi nyumba. Ukiombwa kuvua viatu kwa jirani, je, wangoja askari aje kukulazimisha? Mwenye adabu hutosheka na ombi.

Basi, enyi wanafunzi, mkisafiri ugenini, ulizeni kwanza yapendezayo na yachukizayo. Mwenyeji akisema, "Tafadhali, usifanye hivi," na litoshe neno hilo.