Moto wa Kuni Hauna Swichi

Wiki hii tunapaa mpaka Uingereza, ila hatuendi kushangaa magorofa. Tunaingia sebuleni kwa watu, mwezi Januari, baridi ya kung'ata masikio. Wewe unayesubiri viza, au mwenye dada aliyepanga chumba kule, hii inakuhusu.

Nyumba nyingi za kule zina boila ya gesi. Inachemsha maji, pampu inayasukuma kwenye mabomba hadi kwenye marejeta yaliyo ukutani. Ndiyo, rejeta, ndugu yake ile ya gari. Chumba kikipata joto la kutosha, themostati inaizima boila. Mwenye nyumba hata hanyanyuki kwenye kochi.

Lakini bei ya gesi ilianza kupanda mwaka 2021, na 2022 Urusi ilipoivamia Ukraine ikapaa kabisa. Watu wakakumbuka jiko la kuni. Siyo mafiga matatu, bwana! Ni sanduku la chuma lenye mlango wa kioo na dohani inayotokea juu ya paa. Mengine yana tangi la maji kwa nyuma, kwa hiyo yanaweza kulisha marejeta yale yale. Mtu anajisemea: si niunganishe tu kuni na gesi, bili ipungue?

Wazo zuri. Balaa ni kudhani kazi ni kuunga bomba kwa bomba, basi.

Sikiliza. Gesi ukiiambia zima, inazima. Kuni zikishashika hazina swichi. Umeme ukikatika, pampu inasimama, maji yanabaki pale pale kwenye tangi la jiko na moto unazidi kuyachemsha. Maji yakigeuka mvuke yanataka nafasi kama mara 1,600 ya ile ya mwanzo. Ukiwa umeyafungia kila upande, hapo sebuleni hujaweka jiko, umeweka bomu.

Ndiyo maana mafundi wanaojua kazi huacha pa kupumulia. Upande wa kuni huwekewa bomba linalopanda mpaka kwenye tangi dogo darini, bila valvu yoyote njiani. Tena panakuwa na rejeta moja, juu zaidi ya jiko, ambayo hakuna mtu anayeweza kuifunga. Maji ya moto hupanda yenyewe, pampu iwepo isiwepo, na joto la ziada linamalizikia huko.

Boila za gesi za siku hizi, zenyewe, nyingi hufanya kazi kwa maji yaliyofungiwa kwa presha. Sasa aliyefungiwa na aliyeachwa wazi utawalaza chumba kimoja? Haiwezekani. Kila mmoja anabaki na maji yake, wanapeana joto kupitia mabamba ya chuma, kama majirani wanaosalimiana juu ya ukuta. Njia nyingine ni wote kupasha tangi moja kubwa. Ukiwasha kuni jioni, tangi linatunza joto, gesi inapumzika.

Kuni nazo zina masharti. Mti uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake unaweza kuwa maji. Ukiuchoma unapata moshi mwingi, joto kiduchu, na lami inaganda kwenye dohani mpaka siku yenyewe iwake moto. Tangu Mei 2021, kule England kuni zinazouzwa kwa mafungu madogo lazima unyevu wake usizidi asilimia 20.

Halafu kuna muuaji mwenyewe, kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Ndiyo hiyo hiyo inayoua watu wetu wanaolala na jiko la mkaa chumbani, milango imefungwa, kukwepa baridi. Kule England, tangu Oktoba 2022, mwenye nyumba za kupanga anatakiwa kuweka king'ora cha hewa hiyo kwenye chumba chenye jiko la kuni au boila. Kwa hiyo mwambie dada: kabla hajatandika kitanda, atazame kilipo. Hakipo? Adai, asione aibu.

Na akisikia mwenye nyumba amepata fundi wa bei poa wa kuunga kuni na gesi, aulize swali moja tu: umeme ukikatika, joto linakwenda wapi? Fundi akijikuna kichwa, dada asikubali jiko hilo liwashwe.

Haya, tukutane wiki ijayo.