Mkubwa Hakosei?

Juzi jirani yangu kanionyesha daftari la mwanawe. Mwalimu aliuliza: vimeng'enya ni vitu gani? Mtoto kajibu kuwa vingi ni protini na vingine ni RNA. Jawabu lake likatiwa alama ya kosa kwa wino mwekundu, na pembeni pakaandikwa: "Vyote ni protini." Baba mtu naye, badala ya kuuliza, kamkaripia mwanawe kwa kushindana na wakubwa.

Ndugu wasomaji, mwenye haki hapa ni mtoto.

Kimeng'enya ni kitu cha mwilini kinachoharakisha kazi, kama ile ya kusaga chakula, na chenyewe kisimalizike. Mwaka 1926 James Sumner wa Marekani alionyesha kuwa kimeng'enya kimoja ni protini, na baada ya muda wataalamu wakashika kuwa vyote ni hivyo. RNA wakaiona tarishi tu, wa kupeleka maagizo ya urithi.

Kisha Thomas Cech, huko Colorado, alichunguza RNA ya kijidudu cha majini kiitwacho tetrahimena. Akaiona ikikata kipande chake cha katikati na kuunga ncha zilizobaki, wala hakumwona mkataji. Je, alikimbilia kutangaza kuwa wenziwe wamekosea? La! Alijishuku mwenyewe kwanza: huenda protini imejificha humo. Akaichemsha, akaitia dawa za kuharibu protini. RNA ikazidi kujikata. Mwisho akaitengeneza upya RNA hiyo, isiyopata kugusana na protini yoyote ya kijidudu kile. Nayo ikajikata! Akatangaza mwaka 1982. Mwaka uliofuata Sidney Altman na wenziwe wakaonyesha RNA ya bakteria inayokata RNA nyingine bila ya protini. Mwaka 1989 wawili hao walipewa tuzo ya Nobel ya kemia.

Siri yake ni umbo. RNA ni uzi wa herufi nne: A, U, G na C. A hushikana na U, na G hushikana na C, kwa hivyo uzi hujikunja wenyewe. Chembe za magnesi huzuia mikunjo isisukumane. Waya ulionyooka haufungui kufuli. Ukikunjwa sawasawa huwa ufunguo. RNA nayo ikijikunja hufanya kishimo ambamo kinachokatwa hukaa mahali pake barabara. Ikijikunja vibaya, herufi ni zile zile lakini kazi hakuna.

Wala jambo hili si la vijidudu tu. Mwaka 2000 ilionekana kuwa ndani ya ribosomu, kiwanda cha protini katika kila chembe hai, mahali penyewe pa kuunganishia ni RNA. Basi hata hizo protini zinazoshikiliwa sana zaundwa na RNA!

Sasa twawauliza wenye kumkemea mtoto: hoja yenu ni ipi? Umri? Cheo? Adabu haikupata kuwa kuziba kinywa chenye dalili. Na nyinyi vijana msifurahi upesi. Cech hakupinga kwa ubishi. Alijijaribu mpaka shaka ikamwishia. Apingaye bila dalili na akemeaye bila dalili, kosa lao ni moja.

Ewe mzazi, mwanao akija na jawabu usilolijua, mwulize: "Umelijuaje?" Akikupa dalili, mshike mkono mwende kwa mwalimu pamoja, kwa upole, mkalizungumze. Mkubwa akikiri kosa heshima yake haipungui.