Fungu la Walemavu Lisiguswe

Kila mwaka kabla Aprili haijakwisha, makadirio ya matumizi ya Serikali hufikishwa Bungeni, na tangu hapo hadi Juni kila fungu hupimwa na kukatwa. Upimaji huo umekuwa mkali zaidi tangu tarehe 26 Juni 2024, Rais William Ruto alipokataa kutia saini Muswada wa Fedha baada ya vijana kujaa barabarani. Siku chache baadaye alitangaza kwamba matumizi yangepunguzwa kwa shilingi bilioni 177. Sipingi Serikali kujibana. Safari za ng'ambo, magari ya wakubwa na warsha za hotelini zimetuumiza vya kutosha, na zikatwe. Ninalopinga, na ninalowasihi nanyi mlipinge, ni kuguswa kwa msaada wa watu wenye ulemavu, iwe ni kuupunguza mchana kweupe au kuupunguza kwa njia ambazo hazitangazwi.

Msaada wenyewe ni huu. Tangu mwaka 2011 Serikali huzipa fedha kaya zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa, yaani yule asiyeweza kula, kuoga wala kwenda msalani bila mtu wa kumshika. Mpango huo umo ndani ya Inua Jamii, pamoja na wa mayatima na wa wazee, na hapa kwetu Kakamega watu huziita zote pesa za wazee. Kaya hupata shilingi 2,000 kwa mwezi, na hazipati mpaka ithibitike kwamba ni maskini kweli. Kwa miaka mingi kaya zilizofikiwa nchini kote zilikuwa kama 47,000. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 918,270 wenye ulemavu, wa umri wa miaka mitano na zaidi. Si wote hao wanaohitaji kulishwa, nakubali. Lakini mwenye macho anaona jinsi mlango ulivyo mwembamba tangu hapo.

Tupige hesabu. Kaya 47,000 kwa shilingi 24,000 kwa mwaka ni kama shilingi bilioni 1.1. Zile bilioni 177 zilizotakiwa kukatwa ukiziweka kando yake, fedha hizi hazifiki hata asilimia moja. Anayesema kwamba nchi itaokoka kwenye madeni kwa kuwanyima hawa, na atuonyeshe hesabu yake.

Wengi wanaosema 2,000 ni kidogo tu na haina maana hawajakaa ndani ya nyumba yenye mgonjwa wa namna hiyo. Mlezi, na mara nyingi ni mama au nyanya, huamka kabla ya mapambazuko kumgeuza mtu aliyelala ubavu mmoja usiku kucha, maana asipogeuzwa atatoka vidonda. Amwoshe. Amlishe uji kijiko kwa kijiko, taratibu, kwa kuwa akiharakisha atapaliwa. Afue nguo na mashuka, kisha aanze tena mchana, na jioni tena. Wenzake wakienda kupalilia mahindi kwa kibarua, yeye hawezi kwenda, kwa sababu hakuna wa kumwachia. Kwa hiyo ulemavu wa mmoja umeiondolea kaya mapato ya watu wawili, na umeiongezea gharama ambazo jirani hazijui: nepi za mtu mzima, sabuni, dawa za kifafa zisizotakiwa kukatika hata siku moja. Mtoto mdogo hubebwa mgongoni akapandishwa bodaboda. Akifika miaka kumi na mitano habebeki. Siku ya kliniki itabidi probox ikodiwe nzima, kutoka Shinyalu au Navakholo mpaka hospitali ya rufaa mjini, na nauli hiyo peke yake yaweza kula sehemu kubwa ya fedha za mwezi.

Shilingi 2,000 ukizigawa kwa siku thelathini ni shilingi 66 na senti. Hakuna anayenenepa kwa shilingi 66. Lakini hizo ndizo zinazomfanya mwenye duka amkopeshe mama yule unga, akijua kuna siku atalipwa. Ndizo zinazomwezesha kumlipa msichana wa jirani ashinde na mgonjwa asubuhi moja, yeye akauze mboga. Ukiziondoa, dawa zitasimama, na kifafa kikirudi kitamwangusha mtu motoni.

Sasa nieleze zile njia zisizotangazwa. Ya kwanza ni kuchelewesha. Fedha hizi zapaswa kutoka kwa wakati, nasi sote tunajua zimewahi kukaa miezi kadhaa bila kuonekana, kisha zikaja kwa mkupuo na kuandikwa magazetini kana kwamba ni zawadi. Mwenye mshahara mkubwa akicheleweshewa miezi minne hukopa benki. Maskini aliyecheleweshewa miezi minne amekwisha kuuza kuku, kisha mbuzi, kisha ametoa ndugu wa mgonjwa shuleni. Malimbikizo yakija huenda yote kwenye madeni, naye huanza upya mikono mitupu. Wizara inayozitoa fedha hizo haiwezi kusema haijampunguzia kitu.

Njia ya pili ni kuiacha 2,000 ibaki 2,000 huku bei zikipanda. Kiwango hicho kimekaa pale pale kwa zaidi ya miaka kumi. Mwaka 2022 pakiti ya unga ya kilo mbili ilipita shilingi 200, ikawa msaada wa mwezi mzima haununui pakiti kumi. Mishahara ya wakubwa hupitiwa upya kila baada ya miaka michache, na tume imewekwa na Katiba kwa kazi hiyo. Fungu la asiyeweza kusimama halina tume. Halina hata mtu wa kulisemea, ila sisi.

Wapo watakaoniambia kwamba jamaa wapo, na kwamba Mwafrika hamtupi wake. Ni kweli ukoo wetu haujafa, na ningependa kuona kila ukoo unafanya zaidi. Lakini tuitazame Kakamega ilivyo leo. Sensa ya 2019 ilituhesabu watu 1,867,579, zaidi ya watu 600 kwa kila kilomita ya mraba, na shamba la babu limegawanywa mpaka limebaki kiwanja. Kiwanda cha sukari cha Mumias, kilicholisha nyumba kutoka Matungu mpaka Butere, kiliyumba miaka mingi, wakulima wakadai malipo ya miwa yao bila kuyapata, na mwaka 2019 kikawekwa chini ya mrasimu. Mjomba aliyekuwa akituma kitu kila mavuno naye sasa anatafuta wa kumtumia. Kuondoa msaada wa Serikali na kusema jamaa watachukua mzigo ni kumtwika aliyekwisha kulemewa.

Wengine husema fedha hizi huzalisha uvivu. Hoja hii inanikasirisha, lakini nitaijibu kwa utulivu. Kaunti yetu imewahi kutoa fedha mkononi mwa maskini, na hatukuona uvivu. Mpango wa Imarisha Afya ya Mama na Mtoto, ule watu waliouita Oparanyacare, ulianza mwaka 2013 ukimpa mama mjamzito maskini shilingi 2,000 kwa awamu, awamu sita, jumla 12,000, ili ahudhurie kliniki, ajifungulie hospitali na mtoto apate chanjo. Mama alipowezeshwa nauli alikwenda. Maskini hufanya yaliyo mema kwake akipata uwezo wa kuyafanya. Na huyu tunayemzungumzia, anayegeuzwa kitandani, uvivu wake uko wapi?

Kuhusu wadanganyifu, sina ugomvi na anayetaka orodha isafishwe. Majina ya marehemu yaondolewe, na aliyeingizwa kwa ujamaa na chifu aondolewe pia. Kazi hiyo ifanywe nyumbani kwa mhusika, na mhudumu wa afya ya jamii anayeijua nyumba ile, kwa mwendo wa miguu. Isifanywe kwa kuwaita watu wasiotembea waje makao makuu kupanga foleni kwenye jua, halafu asiyefika akafutwa. Usafi wa namna hiyo humtoa mgonjwa na kumwacha mjanja, kwa sababu mjanja ana miguu.

Lipo jambo jingine wanaobana bajeti hulisahau, na wazee wetu walilisema kwa maneno mawili: hujafa, hujaumbika. Bodaboda moja ikigongana na lori la miwa, kijana aliyekuwa akimlisha mama yake huwa yeye wa kulishwa. Kisukari hukata mguu, na presha ikipanda hupoozesha upande mzima kwa usiku mmoja. Mbunge atakayeinua mkono kupunguza fungu hili analipunguza kwa ajili ya nyumba yake pia, ila hajui mwaka.

Na makato hayaishii kwa walio kitandani. Watu wenye ualbino hupewa mafuta ya kukinga jua kupitia Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Kakamega iko karibu kabisa na ikweta, na mafuta hayo yakikosekana, kinachofuata ni saratani ya ngozi. Watoto viziwi wanaosoma Mumias wanahitaji walimu wa lugha ya ishara, na bajeti ya shule ikibanwa, elimu maalumu huumia kwanza kwa kuwa ni ghali na wazazi wake hawana sauti. Mwajiriwa mwenye ulemavu amesamehewa kodi ya mapato kwa shilingi 150,000 za kwanza za mwezi, na anastahili, kwani hulipa zaidi kwa kila anachofanya.

Tusidhani haya ni ya Kenya peke yake. Machi 2025 Serikali ya Uingereza, nchi tajiri kupita yetu mara nyingi, ilipendekeza kukaza masharti ya malipo ya walemavu ili iokoe kama pauni bilioni tano kwa mwaka. Walemavu wenyewe walijitokeza wakasema, wengine kwa viti vya magurudumu, kwamba bila malipo hayo hawawezi kuoga wala kwenda kazini. Wabunge zaidi ya 120 wa chama tawala chenyewe wakatia saini kuupinga muswada wa Serikali yao. Tarehe 1 Julai, siku ile ile ya kura, Serikali ikaiondoa sehemu iliyowagusa zaidi. Wabunge wale hawakungoja uchaguzi.

Sisi tuna silaha kali kuliko yao. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinaiamuru Serikali kuwapa hifadhi ya jamii wale wasioweza kujikimu wao na wanaowategemea. Kifungu cha 54 kimetaja haki za watu wenye ulemavu kwa jina. Mei 2025 Rais alitia saini Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu, ikachukua mahali pa ile ya 2003. Kutia saini sheria mwezi wa tano na kupunguza fedha mwezi wa sita ni kuwadhihaki wenye haki.

Enyi wabunge 12 wa kaunti hii, kuanzia Lugari hadi Khwisero, nawauliza hadharani: kila mmoja wenu anajua ni kaya ngapi jimboni mwake zinapokea fedha hizi, na mara ya mwisho zilipokea lini? Atakayejibu kwamba hajui, asipige kura ya bajeti mpaka ajue. Nanyi wajumbe wa bunge la kaunti, msingoje Nairobi. Kaunti iliyoweza kumtafutia mama mjamzito 12,000 inaweza kutenga nauli ya kliniki kwa wasiotembea.

Nanyi wananchi wenzangu, Katiba inailazimu kamati ya Bunge isikilize maoni yetu kabla makadirio hayajapitishwa. Vikao vikitangazwa, takeni vifanywe mahali pasipo ngazi, na awepo mkalimani wa lugha ya ishara. Makanisa na misikiti yasaidie kwa usafiri siku hiyo. Asiyeweza kufika apelekewe karatasi nyumbani kabla ya kikao, mlezi aandike kwa Kiswahili au Kiluhya ni miezi mingapi wamekaa bila malipo na kitu gani kilisimama kwa sababu hiyo, kisha barua hizo zikusanywe kwa kila wadi na kukabidhiwa kamati mbele ya watu, na nakala abaki nayo mwenyewe.