Yatima wa Entebbe

Familia ya Kampala itafutayo matembezi ya Jumapili haina haja ya kusafiri hadi mbugani. Umbali wa kilomita 40 hivi, kando ya Ziwa Victoria, ipo bustani ya wanyama ya Entebbe. Ilianzishwa mwaka 1952 ili kupokea wanyama yatima, waliojeruhiwa, na walionyang'anywa majangili. Katika miaka ya 1960 iligeuzwa kuwa ya maonyesho, hata dubu na chui-milia wa nchi za mbali wakafugwa humo. Mwaka 1994 ikawa kituo cha elimu ya wanyamapori, na fahari yake sasa ni viumbe wa Uganda: sokwe, simba, korongo nyangumi wa vinamasi, na korongo taji apambaye bendera ya taifa.

Baadhi yao hufikishwa hapo kwa jitihada za askari wanaowakamata wachuuzi. Ili kumpata mtoto mmoja wa sokwe, jangili humwua kwanza mama yake, na mara nyingi jamaa wanaomtetea. Yatima huyo harudi porini kwa urahisi. Mwaka 1998 baadhi yao walihamishiwa kisiwa cha Ngamba, penye msitu wa kuwahifadhi.

Mzazi awaeleze watoto hayo wakiwa mbele ya uzio. Naye akiuziwa mnyama wa porini mlangoni, asimnunue hata kwa huruma, kwani anunuaye mmoja ameagiza wa pili. Habari na ifikishwe polisi siku hiyo hiyo.