Kompyuta za enzi za kaseti zarudi Ulaya: zinamhusu nini kijana wa Nachingwea na Ruangwa?

Mwezi Novemba 2024 kampuni ya Retro Games ya Uingereza iliingiza sokoni nakala mpya ya kompyuta ya nyumbani iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1982, ZX Spectrum. Ni kidude chepesi, cheusi, chenye vibonye vya mpira, kinachochomekwa kwenye televisheni. Mwaka uliofuata jina la Commodore, mshindani wake wa siku zile, nalo likarudi.

Unaweza kudhani hao ni wazee wa Ulaya wanaoukumbuka ujana wao. Wapo kweli. Lakini lipo na kundi jingine linalofanya jambo la kushangaza zaidi: linaandika michezo mipya kabisa kwa ajili ya mashine ambazo viwanda viliacha kuzitengeneza miaka mingi iliyopita. Wengi hufanya hivyo usiku, baada ya kazi, bila kutegemea utajiri. Mwaka 2017, kwa mfano, ulitoka mchezo uitwao Sam's Journey kwa ajili ya Commodore 64, mashine yenye kumbukumbu ya kilobaiti 64 tu. Picha moja unayotumiwa kwenye WhatsApp mara nyingi ni nzito kuliko hiyo.

Kwa nini mtu ajitese namna hiyo? Jibu lao kubwa ni kwamba mashine ile ni ndogo kiasi cha mtu mmoja kuielewa yote. Ifikirie baiskeli ya Phoenix. Fundi akiifungua chini ya mkorosho, kila nati anaijua ilipotoka na inaporudi. Simu janja ya leo ni kama gari jipya: unafungua boneti, unakutana na mfuniko wa plastiki.

Tena kompyuta zile zilikuwa na tabia moja ambayo simu zetu hazina. Ukiwasha, hukuti picha za kubonyeza. Unakuta skrini tupu inayokusubiri wewe uiambie la kufanya. Mtoto angeweza kuandika hivi:

10 PRINT "NACHINGWEA"
20 GO TO 10

Mstari wa kwanza unaiambia mashine iandike Nachingwea. Wa pili unairudisha kwenye wa kwanza. Basi, skrini inajaa Nachingwea kutoka juu hadi chini. Ni upuuzi mtupu, lakini mtoto yule ameshaandika programu, na kesho atataka kujua afanyeje ili iandike mara kumi tu.

Programu iliyorushwa redioni

Sisi watu wa redio tuna sehemu yetu katika habari hii. Kompyuta zile zilihifadhi programu kwenye kanda za kaseti, zilezile ambazo wengi wetu tulikuwa tukizirudisha nyuma kwa kalamu ili kuokoa betri. Programu iligeuzwa kuwa sauti: milio ya aina mbalimbali, mfululizo, inayokera masikio kama stesheni iliyokosewa. Na kitu kikishakuwa sauti, redio inaweza kukirusha.

Uholanzi walifanya hivyo katika kipindi kilichoitwa Hobbyscoop. Yugoslavia, rafiki yetu wa siku za kutofungamana na upande wowote, walikwenda mbali zaidi. Huko sheria za forodha zilizuia watu kuagiza kompyuta kutoka nje. Fundi mmoja, Voja Antonić, akabuni kompyuta ambayo mtu angeweza kuiunga mwenyewe nyumbani, akaiita Galaksija, na mchoro wake ukachapishwa gazetini kwa kila anayetaka. Maelfu waliiunga. Kisha mtangazaji Zoran Modli wa Redio Belgrade 202 akawa anatangaza: tayarisheni kaseti zenu. Milio ikarushwa hewani, wasikilizaji wakarekodi, na dakika chache baadaye mchezo ulikuwa unachezwa sebuleni.

Hapa kwetu miaka hiyo hali ilikuwa nyingine. Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mpango wa kuzitumia katika hesabu za Serikali ulikwama na kula fedha, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku hiyo ilikuja kulegezwa taratibu baadaye. Siwalaumu sana walioamua. Fedha za kigeni zilikuwa haba, na Nachingwea yenyewe ilikwishaona mashine kubwa zikiletwa na kuondoka, tangu matrekta ya Mpango wa Karanga ulioanza mwaka 1947 na kufutwa mwaka 1951, hadi reli ya Mtwara iliyong'olewa baadaye. Lakini Yugoslavia nao walikuwa na uhaba. Tofauti ni kwamba kwao mchoro wa mashine ulifika mikononi mwa watu wa kawaida. Sisi kizazi kile cha watoto waliojifunza kwa kuchezea kompyuta hatukukipata kabisa. Kwa wengi wetu mashine ya kwanza ilikuwa simu ya kitochi, na mchezo wa kwanza ulikuwa ule wa nyoka, ulioandikwa na Mfini Taneli Armanto na kutoka na Nokia 6110 mwaka 1997. Tuliucheza sana. Hatukuwa na pa kuufungulia tuone umeandikwaje.

Nani aliandika kanuni?

Mtu aweza kusema haya ni mambo ya michezo, na wakulima wana shida nyingine. Lakini angalia mashine zinazotuzunguka sasa. Katika msimu wa korosho wa 2024/2025, wakulima walio chini ya RUNALI, chama kikuu kinachobeba majina ya Ruangwa, Nachingwea na Liwale, waliuza kupitia mnada wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Wanunuzi huingiza bei zao kwenye mfumo, na wakulima hukaa mkutanoni kuamua kama wanauza. Huenda mfumo huo ni mzuri kuliko karatasi za zamani zilizofungwa kwenye bahasha. Ila ni wangapi kati ya wanaokaa kwenye mkutano ule wanaoweza kusimama na kuuliza: wanunuzi wawili wakitaja bei ileile, mashine inamchagua nani, na kwa kanuni gani?

Au litazame dubwi, lile sanduku la taa linalomeza sarafu kwenye vijiwe vyetu. Vijana wanasema leo lina bahati, jana lilikuwa limekaza. Dubwi halikazi wala halilegei kwa hisia. Lina programu, na programu hiyo iliandikwa ili mwisho wa siku mwenye mashine abaki na zaidi.

Kijana aliyewahi kuandika mchezo wake mwenyewe, hata mdogo wa kukisia namba, hawezi tena kulitazama dubwi kwa macho yaleyale. Yeye mwenyewe aliwahi kuweka mstari unaosema mchezaji ashinde mara ngapi. Anajua kwamba kila sheria iliyo ndani ya mashine iliwekwa na mtu, na kwamba mtu anaweza kuulizwa. Ndiyo maana nadhani burudani hii ya Wazungu inatuhusu.

Bao ndani ya baiti 35

Mchezo wa kuanzia tunao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kila shimo ni namba tu: kete ngapi zimo. Kwenye kompyuta namba ndogo kama hiyo inakaa kwenye baiti moja. Mashimo 32, baiti 32. Mwanzo wa mchezo kila mchezaji anabaki na kete 22 za kunamua, basi ongeza baiti mbili za kukumbuka zimebaki ngapi, na moja ya kukumbuka ni zamu ya nani. Jumla ya hesabu hiyo ni baiti 35.

Kanuni ndizo zitakazokula nafasi na usingizi: lini unakula, lini unatakasa, nyumba inalindwaje. Hata hivyo haishindikani. Mwaka 1982 Mwingereza David Horne aliandika programu ya kucheza sataranji kwenye ZX81, kompyuta yenye kilobaiti moja tu ya kumbukumbu, na programu yake ikatumia baiti 672. Kwa bao, kijana atakwama mapema kwa sababu moja: hajui kanuni zote. Atalazimika kwenda kukaa na wazee barazani, na kuuliza maswali ambayo wazee wenyewe hawajawahi kuulizwa, kwa kuwa mashine haikubali jibu la "utaona tu ukicheza".

Mitaala mipya iliyoanza kutumika mwaka 2024 imeipa TEHAMA nafasi kubwa, na shule nyingi bado zinasubiri vyumba vya kompyuta. Vikija, vije. Lakini kwa kazi hii hakuna haja ya kuvisubiri. Kwenye simu ya Android zipo programu za bure zinazoiga Spectrum na Commodore za zamani, ni nyepesi, na ukishapakua unaandika bila bando. Amri za lugha yenyewe ni za Kiingereza, lakini unaweza kuanza na kumi tu, unazikariri kwa siku mbili. Maelezo ya Kiswahili ndiyo haba, na hilo ni pengo ambalo mwalimu mmoja mwenye daftari anaweza kulipunguza.

Taabu kubwa zaidi ni vidole. Kuandika mistari mia kwenye kioo cha simu kunachosha haraka. Ulizia kwa mafundi wa mjini kibodi ya kompyuta iliyokufa, yenye waya wa USB, pamoja na kiunganishi kidogo cha OTG. Ukivichomeka, simu nyingi za Android huitambua kibodi papo hapo, na skrini tupu inakusubiri.