Kuuza mtama si kushiba

Kuna neno tunalisikia sana kwenye mikutano hapa Kakuma: "Hayo ni matakwa, si mahitaji." Tunaambiwa hivyo tukitaja bando, tukitaja pedi, tukiomba mpira wa kuchezea. Na mama akionekana sokoni anauza mtama wa mgao, utasikia, "Si unaona, hao wameshiba."

Sisi vijana tuna la kusema juu ya hilo. Halafu tutajisema na sisi wenyewe.

Tuanze na huo mtama. Unakuja punje, si unga. Ili uwe ugali lazima uende kwenye mashine ya kusaga, na mashine haisagi bure. Ukishasagwa unataka moto. Kuni za mgao zikiisha, unanunua kwa mama wa Kiturkana anayepita na mzigo kichwani, na yeye mara nyingi anakubali chakula badala ya pesa. Kwa hiyo mama yetu anauza sehemu ya mtama ili aweze kupika ule uliobaki. Hapo kushiba kuko wapi?

Simu nayo ni hivyo hivyo. Bamba Chakula ilipoanza mwaka 2015, hela ya chakula iliingia kwenye laini ya simu. Leo habari za mgao, za kazi, za nafasi ya kusoma, nyingi zinapita humo humo. Lakini kijana akinunua bando la shilingi 20, ati anachezea pesa.

Sabuni na pedi? Viwango vya Sphere, ambavyo mashirika yenyewe yanavitumia, vinataja gramu 250 za sabuni ya kuogea na gramu 200 za sabuni ya kufulia kwa kila mtu kwa mwezi, na vifaa vya hedhi kwa wanawake na wasichana. Si sisi tuliotunga. Msichana akikosa pedi, siku hizo anabaki nyumbani wenzake wakisoma.

Maneno haya yamekuwa mazito zaidi tangu 2025, familia zilipopangwa kwenye makundi manne kulingana na uhitaji, na kundi la nne likatolewa kwenye mgao wa chakula. Sasa wengi wetu tunaogopa hata kuonekana na kitu. Ukiwa na meza ya kuuza mandazi au viatu vizuri vya kanisani, unajiuliza: mtu akipita hapa, ataandika nini juu yetu? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Haya, sasa tujiseme.

Wote tunajua mkopo wa dukani. Unachukua vitu, kadi na namba ya siri vinabaki kwa mwenye duka, na pesa ikiingia anatoa yeye. Mkopo ukiwa wa unga na mafuta, hatuna la kusema, watoto lazima wale. Lakini tuseme ukweli, madeni mengine ni ya soda, ya video za usiku kucha, ya kubeti. Mwenzetu mmoja alichukua raba kwa mkopo kabla ya mechi, akaacha kadi ya nyumbani bila kumwambia mama yake. Miezi miwili hela ya chakula ya watu sita ikaishia dukani. Viatu alivihitaji kweli, maana alikuwa anatembea na ndala zilizokatika. Raba za bei ile hakuzihitaji.

Tangu hapo tumejiwekea swali la kujiuliza kabla ya kununua: nikikosa hiki wiki moja, nani ataumia? Nikikosa hela ya kusaga, nyumba nzima inalala njaa. Nikikosa bando wiki ya kutuma kazi ya masomo, nafasi imepotea. Nikikosa kubeti, haumii mtu. Kuhusu mpira wa Jumamosi tulibishana mpaka giza likaingia. Wengine wanasema ni starehe tu, wengine wanasema bila huo mpira kuna vijana wangekuwa wameharibika kichwa zamani. Hatujamaliza.

Ndugu zetu mnaofanya kazi kwenye mashirika, tunaomba jambo moja. Mkiona mtu anauza mgao, muulizeni kwanza anauza ili anunue nini. Jibu lake liandikeni kama alivyosema, msiandike tu kwamba ana ziada.

Na sisi vijana, kadi isitoke nyumbani kabla mama, baba au yeyote anayetulea hajajua. Hatuwezi kudai tuheshimiwe kwa mahitaji yetu huku chakula cha wadogo zetu tunakiweka rehani kwa ajili ya raba.