Dera la Dallas Lina Kodi

Wanajumuiya wengi hapa Minnesota wana kitu wanachouza mtandaoni: madera, viungo vya pilau, bangili za shanga. Na wengi bado wanaamini kwamba mzigo ukishavuka mpaka wa jimbo, kodi ya mauzo haiwahusu.

Imani hiyo ilikuwa na msingi. Hukumu ya kesi ya Quill ya mwaka 1992 ililizuia jimbo kumlazimisha muuzaji akusanye kodi ikiwa hana duka, ghala wala mfanyakazi ndani yake. Kisha South Dakota, ambayo haitozi watu kodi ya mapato na hivyo huitegemea sana kodi ya mauzo, ikaishtaki Wayfair, wauzaji wa samani mtandaoni. Tarehe 21 Juni 2018 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaipa ushindi South Dakota, majaji 5 kwa 4.

Sheria iliyoshinda ilimgusa muuzaji wa nje mwenye mauzo ya zaidi ya dola 100,000 kwa mwaka ndani ya jimbo, au miamala 200. Majimbo mengine yakainakili mbio mbio. Malalamiko yetu ni juu ya hiyo miamala. Dola 100,000 ziko mbali na mama anayefunga vifurushi usiku watoto wakishalala, lakini bangili 200 za dola 10 ni dola 2,000 tu, na ada ya mhasibu wa kujaza fomu inaweza kumaliza faida yote. South Dakota yenyewe iliacha kuhesabu miamala mwaka 2023, na majimbo kadhaa yamefuata. Yaliyobaki yanangoja nini?

Texas na California zimeweka dola 500,000, bila kuhesabu miamala. Muungwana kabisa. Ila kinga hiyo ni ya muuzaji asiye na kitu huko. Ukimwachia shemeji wa Dallas maboksi ya madera gerejini ili awahudumie wateja wa karibu, tayari una mali Texas, na unapaswa kujisajili. Dera ambalo hapa Minnesota halitozwi, kwa kuwa nguo zimesamehewa, kule linatozwa asilimia 6.25 ya jimbo, na jiji nalo huongeza yake. Bangili hazina msamaha hata hapa kwetu, na kwa muuzaji mkazi hakuna cha kungoja afikishe dola ngapi.

Wanaouza kupitia Amazon au Etsy wana nafuu: soko lenyewe hukata kodi na kuipeleka serikalini. Lakini mteja akikufuata pembeni kwa WhatsApp na kukutumia hela moja kwa moja, mauzo hayo ni yako, na kodi yake ni juu yako. Yaandikwe kwenye daftari lake, jimbo kwa jimbo.